Pole Moja kwa Watu Wote

Mama yake Marcelline alifariki Uvira, kwao Kongo, Alhamisi asubuhi, na mashine ikakataa kwamba amefariki.

Naanzia hapo kwa sababu hasira zangu zilianzia hapo. Marcelline ni mpangaji wangu hapa La Rochelle. Ana chumba cha uani, kitanda na vyerehani viwili, na nusu ya Wakongo wa upande huu wa Johannesburg wameoa, wameimba kwaya na wamezika wakiwa wamevaa nguo alizoshona yeye. Mimi ni Mtanzania wa Morogoro. Niliolewa na Msauzi aliyekuja kwetu enzi za kupigania uhuru wao, akanileta kwao, tukanunua nyumba hii, na tangu siku hiyo nimekuwa mama mwenye nyumba wa kila anayeongea Kiswahili na hana pa kulala. Wananiita Mama Beatha. Nikiwapa kisogo wananiita mengine, na najua ni yapi.

Basi Marcelline alipigiwa simu na kaka yake, akakaa palepale uani juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia. Nilimshika, nikampa pole yangu, nikampa maji. Alipopata pumzi kidogo akafanya kile tunachofanya wote siku hizi. Aliandika kundini.

Kundi letu la simu linaitwa Tusaidiane, na kwa haki kabisa tumelijenga wote. Mtu anaandika kuna chumba kitupu mahali fulani, mwingine anamsahihisha kwamba kimeshachukuliwa. Wa Diepsloot, nje kidogo ya mji, wanatuonya siku ambazo spaza, yale maduka ya mtaani, zimefungwa kwa fujo, wa mjini wanatuambia barabara ipi ina polisi. Lilikuwa kundi la maana mpaka lilipovamiwa na maua ya habari za asubuhi, na sala ambazo usipozituma kwa watu kumi utapatwa na balaa, na krimu za kung'arisha uso. Hapo ndipo kijana Hénock alipojitolea kututengenezea programu ya kusoma kila ujumbe na kufuta usiofuata kanuni. Yeye ni mlinzi wa mlangoni katika jengo la ofisi kule Marshalltown, kwa hiyo na programu yake akaiita Mlinzi. Kanuni zenyewe zilikuwa fupi: usirudie kilichokwisha kuandikwa, usilete habari bila chanzo, usiandike kwa herufi kubwa kama unayepiga kelele. Tulipiga kura. Wengi walikubali. Mimi nilikataa, na sioni aibu kulisema hilo kila ninapopata nafasi.

Marcelline aliandika: "Ndugu, mama yangu amefariki leo." Mlinzi akafuta, akajibu: "Habari hii haina chanzo. Tafadhali weka kiungo au picha ya kuthibitisha."

Kiungo! Cha kifo cha mama yake mzazi! Marcelline alitazama maneno yale, machozi yakamkauka kwa mshangao, akaandika: "CHANZO NI MIMI." Akafutiwa kwa kupiga kelele. Nikachukua simu yangu, nikaandika kwa adabu zote nilizonazo kwamba mama wa Marcelline amefariki na mimi Beatha nathibitisha. Mlinzi akaniambia narudia habari iliyokwisha kukanushwa. Ikabidi nimpigie Hénock kazini, nimfokee, naye kwa mkono wake akairuhusu taarifa. Ikatokea kundini na alama ya kijani: "Imethibitishwa. Chanzo: mtoto wa marehemu."

Nikadhani yamekwisha. Kumbe tulikuwa tunapiga hodi tu.

Lazima mjue kwamba Marcelline hakuweza kwenda kuzika. Makaratasi yake ya ukimbizi ndivyo yalivyo, akitoka nchi hii harudi. Tena wiki hiyo mjini kulikuwa na maandamano ya wale wasiotutaka sisi wageni, na mtu mwenye lafudhi yake alikuwa anafikiria mara mbili kabla ya kupanda teksi kutoka Diepsloot mpaka huku. Matanga yake yangekuwa ndani ya simu, hakuna pengine. Na matanga ni pole. Kwetu pole haisemwi na mmoja ikawatosha wote. Wakija watu mia, wote mia watasema maneno yaleyale, na mfiwa atajibu asante mara mia, na kila akijibu mzigo unasogea kidogo. Asiyefika ataulizwa. Asiyefika wala kutuma neno ataanza kutazamwa vibaya, kwamba pengine anajua jambo kuhusu kifo chenyewe.

Pole ya kwanza kufika kundini ilikuwa ya Leonida.

Leonida ni mpangaji wangu mwingine, Mtanzania mwenzangu, wa Kigoma. Chumba chake na cha Marcelline vinatenganishwa na ukuta mmoja, na miaka miwili hii walikuwa hawasalimiani. Marcelline ndiye aliyemshonea binti wa Leonida gauni la harusi, na bibi harusi alipopiga magoti mbele ya mchungaji gauni likapasuka mgongoni kutoka shingoni mpaka kiunoni. Leonida alisimama kanisani akasema limeshonwa vile makusudi. Marcelline naye akasimama akasema bibi harusi alipimwa mwezi wa tatu, na tangu mwezi wa tatu amekuwa akila. Sitaeleza zaidi. Tangu siku hiyo mmoja akifungua dirisha, mwenzake anafunga lake.

Leonida aliandika: "Pole sana dada. Mungu akutie nguvu." Mlinzi akaipitisha, kwa kuwa ilikuwa mpya.

Baada yake wakaja watu. Falonne wa saluni akaandika pole sana dada. Adamu fundi wa kuchomelea mageti akaandika pole sana dada, Mungu akutie nguvu. Jeannine wa Diepsloot, kwaya nzima, wauza vitenge, madereva, wote wakaandika walichofundishwa na mama zao. Na kila mmoja akajibiwa vilevile: "Ujumbe wako umeondolewa kwa kuwa unarudia ujumbe uliopo. Jumuiya yetu inathamini mawazo mapya." Waliojaribu mara ya pili wakafungiwa midomo kwa siku nzima. Kufika jioni sehemu kubwa ya kundi ilikuwa imenyamazishwa kwa kosa la kutoa rambirambi.

Marcelline alikuwa kitandani, simu mkononi, anangoja. Juu ya kioo pole ilikuwa moja tu.

"Mama Beatha," aliniambia, "batu hawa nimewashonea ma robe, nimewashonea ma uniforme ya kwaya, bengine sikuwalipisha. Hata moya hajaniambia pole. Ni Leonida tu. Leonida!"

Nikamweleza habari ya mashine. Alinisikiliza vizuri mpaka mwisho.

"Basi ile masini imemwacha adui yangu apite, imewafungia rafiki zangu. Juu ya nini?"

 Ukilitazama kwa utulivu, hata mchawi asingepanga vizuri zaidi.

Ijumaa asubuhi mambo yakazidi kupinda. Watu ambao walikuwa bado hawajafungiwa waligundua kwamba Mlinzi hakatai pole, anakataa kurudia. Wakaanza kutafuta maneno ambayo binadamu mwingine hajawahi kumwambia mfiwa. Mmoja aliandika "Sifurahi hata kidogo." Kijana Exaucé akaandika kwa Kilingala, akaambiwa atumie lugha ya jumuiya. Muhammad, muuza simu, mtu mwema kabisa, alitafuta neno lake nusu saa, kisha akaandika: "Marcelline, mimi sikuhusika na kifo hiki." Likapita. Kwa mashine lilikuwa wazo jipya. Marcelline akalisoma mara tatu, akaketi kitandani.

"Muhammad anajikania nini? Nani amemuuliza?"

Likapita na la Théodore, anayeuza chai ya kupunguza tumbo. Yeye hakuwahi kumpa mtu pole bure maishani mwake. Aliandika kwamba huzuni hunenepesha, na kwa familia ya marehemu ana pakiti za bei ya msiba. Hakuna mwingine aliyekuwa ameandika ujinga huo, kwa hiyo Mlinzi akaukubali, akamwekea na nyota ya mchangiaji bora.

Nilivaa viatu nikaenda Marshalltown. Huyo Hénock alikuwa amesimama mlangoni na sare yake, na mbele yake pana mstari wa njano ambao mgeni haruhusiwi kuuvuka mpaka apigiwe simu juu. Nikamwambia sina shida na mtu wa juu, shida yangu ni yeye. Akasema hata hivyo nisimame nyuma ya mstari. Nikasimama. Tukagombana hivyo, mimi huku, yeye kule, na watu wenye tai wakipita katikati yetu.

"Zima hicho kitu," nikamwambia.

"Mama, règlement ni règlement, kanuni ni kanuni. Nikifungulia pole leo, kesho yule wa chai atakuja na pole."

"Ameshakuja! Amepewa na nyota!"

Aliangalia chini. "Eish. Mama, hata mimi imenifungia. Jana niliandika pole sana dada, mara mbili."

Nilidhani sikusikia sawasawa. Akanieleza kwamba alipotengeneza programu alijiondolea mamlaka kwa makusudi, ili watu wasije wakasema anapendelea watu wa kwao Bukavu. Alichobaki nacho kilikuwa kuthibitisha habari, na hicho nacho hakitumiki ukiwa umefungiwa. Kubadili kanuni kunahitaji kura ya kundi, na kura inaitishwa na mwanachama ambaye hana kosa.

"Nani hana kosa?" nikauliza.

"Weye, mama. Haukuandika pole, na lile kosa la Alhamisi lilifutika nilipothibitisha."

Sikuandika kwa sababu nilimpa mkononi, nyumbani kwangu! Lakini sikubishana. Nikaitisha kura palepale nyuma ya mstari wa njano: kanuni ya kutorudia isiguse rambirambi. Hénock akanionyesha pa kubonyeza kwa kidole, kutoka upande wake.

Sasa fikirini wenyewe nani alikuwa amebaki na haki ya kupiga kura. Kila aliyempa Marcelline pole na akajaribu tena alikuwa amefungiwa. Waliobaki ni wasiompa mtu pole, wauza krimu, wasambaza maua, na watu ambao simu zao zilikuwa zimezimwa. Nilishindwa vibaya. Théodore akaandika: "Asanteni kwa kuulinda mfumo." Ujumbe wake ukabaki.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimekasirika hadi nikapitiliza kwenye robot, zile taa za barabarani za kona yetu, dereva mmoja akanitukana kwa Kizulu, nami nikamjibu kwa Kizulu. Marcelline hakula siku hiyo. Falonne na wengine wa karibu walikuja, wakakaa naye, akawajibu asante, lakini macho yake yalikuwa kwenye simu. Alikuwa anawataka wale wengine. Kuzika kulikuwa kesho yake asubuhi, na aliogopa mama yake atafukiwa huku yeye akiwa mtu asiye na watu. Alilisema hivyohivyo, waziwazi, na mimi liliniuma kama vile ni mama yangu anayezikwa.

Jumamosi asubuhi nilimkuta Leonida bombani anajaza ndoo. Mimi si mpole, na siku ile upole ulikuwa umeisha kabisa.

"Umeridhika?" nikamwambia. "Mashine inalinganisha na yaliyopo ukurasani. Pole yako ipo, basi za wengine hazipiti. Umekaa mlangoni, watu wote wako nje."

Leonida alifunga bomba. "Dada Beatha, mimi nilitaka kumgongea. Nilifika mpaka kwenye mlango wake Alhamisi, mkono ukakataa. Nikasema basi niandike angalau."

"Na sasa?"

 Alijifuta mikono kwenye khanga, akatoa simu kifuani, akaitafuta pole yake, akaifuta mbele ya macho yangu. Kisha akaniambia, kwa sauti ya mtu anayepanga viti, "Mpigie Falonne. Mwambie aingie."

Nilimpigia. Falonne, ambaye kifungo chake, kama cha wenzake, kilikuwa kimekwisha, akaandika pole sana dada, kwa woga. Mlinzi hakusema kitu. Haikuwepo nyingine ya kulinganisha nayo. Ikakaa pale peke yake, na jina la Falonne juu yake.

"Mfiwa akishaisoma, Falonne atoke," akasema Leonida. "Ampishe Adamu."

Na hapo ndipo watu walipoelewa bila kuelezwa. Sote tumeshakaa matanga ya chumba kimoja. Huingii ukabaki umeketi mpaka mchana wakati wenzako wamesimama nje kwenye jua. Unaingia, unasema pole yako, unaitikiwa, unanyanyuka, mwingine anakaa palepale ulipokuwa. Falonne akafuta yake, Adamu akaandika. Adamu akafuta, akaingia Jeannine wa Diepsloot. Simu zikaanza kupigwa kutoka mtu kwa mtu, umeshatoka, zamu ya nani, subiri bado hajaisoma. Hakuna aliyeitisha kura. Mlinzi alikaa kimya kabisa, kwa kuwa kila alipotazama ukurasa aliona pole moja tu, na pole moja inaruhusiwa.

Nikawa nimesimama bombani nacheka na kulia kwa pamoja. Nikasahau kwamba Marcelline hajui lolote.

Simu yake ilikuwa wazi kitandani, ikionyesha anasoma wakati hasomi; alipoitazama, alichokiona ni kwamba pole ya Leonida haipo. Mlango wake ukafunguliwa kwa kishindo. Alitoka peku, kitenge kimemlegea kichwani, macho yamevimba, simu ameinyanyua kama anayetaka kumpiga nayo mtu.

"Leonida! Weye Leonida!" Akaja mpaka bombani. "Kama haukutaka kunipa pole, juu ya nini ulinipa? Unanipa, halafu unaitoa, siku ya kuzika! Moya niliyokuwa nayo! Moya tu!"

Miaka miwili hakuwa amelitaja jina hilo mbele ya mwenyewe.

Leonida hakurudi nyuma. "Sikukunyang'anya. Nimewapisha wenzangu. Tazama simu yako."

"Sitazami kitu!"

"Tazama, Marcelline," nikasema mimi.

Akatazama kwa hasira. Pole iliyokuwepo ilikuwa ya Jeannine. Akafungua mdomo kusema neno, na pole ikaondoka mbele ya macho yake, ikaja ya mtu wa kwaya. Nayo ikaondoka. Ikaja ya Hénock. Ikaja ya mama mmoja wa Rosettenville aliyeshonewa sare za watoto. Maneno yalikuwa yaleyale, jina tu ndilo lililobadilika. Marcelline akaketi taratibu kwenye ukingo wa zege wa bomba. Kwanza alisoma kimya. Kisha nikasikia anajibu kwa sauti, kila jina likija. "Asante. Asante, papa. Asante, mama Diepsloot. Asante." Muhammad alipofika naye akaandika pole sana dada kama mtu mwenye akili zake, Marcelline akacheka huku machozi yanamwagika, akasema asante, Muhammad, najua haukuhusika.

Sijui waliingia wangapi. Waliingia mpaka simu ikaanza kuita kwa picha, na kwenye kioo akatokea kaka yake, nyuma yake watu wengi na udongo mwekundu uliochimbwa. Marcelline akasimama. Picha ikawa inaruka mikononi mwake, na Leonida akaishika simu upande wa pili ili itulie. Wakawa wameishika wote wawili.

Marcelline hakuondoa macho kwenye kioo. "Na yako?" akauliza.

"Yangu nimeifuta, si umeona."

"Nimeona. Sema kwa mdomo."

Leonida akamgeukia. "Pole sana dada," akasema. "Mungu akutie nguvu."

"Asante," akajibu Marcelline, na hapo ndipo alipolia kile kilio ambacho nilikuwa nakingoja tangu Alhamisi, kilio cha kuinama, na Leonida akamkumbatia kwa mkono mmoja huku mkono wa pili umeshikilia simu. Kule Uvira walikuwa wanashusha jeneza kwa kamba. Kaka yake alisikia kilio, akaisogeza simu usoni, akatuangalia bila kutuona vizuri.

"Dada," akaita, "uko pekee yako kule?"

Marcelline akajifuta uso begani kwa Leonida.

"Hapana," akamwambia. "Niko na batu."